Mrabaha wa rekodi: sheria imeshagawa, sasa mbona hela ya mpiga gitaa na muitikiaji haifiki?

Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, ila juzi tena nimekaa na dada mmoja ambaye sauti yake iko kwenye kiitikio cha wimbo unaochezwa sana kwenye redio za intaneti, na hajawahi kuona hata senti, na sio kwamba kuna mtu kamwibia. Hela yake ipo, imekaa mahali inasubiri jina. Nikasema hapana, leo naandika, ndefu kidogo mnivumilie.

Mimi nilianza kama mpiga besi wa kukodiwa, nikaja kufanya kazi ya kuandaa taarifa za nyimbo kwenye lebo ndogo, ile kazi ya kujaza nani kaimba, nani kapiga, rekodi ina namba gani. Kwa hiyo hili jambo nimeliona kwa pande zote mbili.

Kwanza tuelewane. Wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, huo ni wa mtunzi na pablisha wake. Halafu kuna rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku ile studio, tunaiita masta, na hiyo mwenyewe ni yule aliyetajwa kwenye mkataba, mara nyingi lebo. Ukichukua wimbo wa mtu ukaurekodi upya na bendi yako, utunzi unabaki wake lakini rekodi ni yenu. Hapa naongelea rekodi tu, mambo ya watunzi yana uzi wake.

Nachukua Marekani kama mfano kwa sababu kule mgawanyo umeandikwa ndani ya sheria yenyewe. Kabla ya 1995 rekodi ikichezwa hadharani kule aliyeimba na mwenye masta walikuwa hawapati kitu kabisa. Mwaka huo Bunge lao likawapa haki hiyo kwa uchezaji wa kidijitali tu, halafu 1998 ikapanuliwa ikazigusa vizuri redio za intaneti. FM na AM za kawaida mpaka leo zinamlipa mtunzi na pablisha, aliyeimba hapati. Mi hili naliona ni dhuluma ya wazi, kituo kinauza matangazo kwa sauti ya mtu halafu mwenye sauti anaambiwa tunakutangaza.

Sasa kwenye dijitali, zile huduma ambazo msikilizaji hachagui wimbo, mfano redio za intaneti, Sirius XM ya satelaiti, chaneli za muziki za kebo, hazihitaji kwenda kuomba ruhusa kwa kila lebo. Zinatumia leseni ya kisheria, bei inapangwa na majaji watatu wa Copyright Royalty Board, bodi ya serikali yao ya mirabaha, hela inaenda kwa mkusanyaji anayeitwa SoundExchange, ambayo ilizaliwa ndani ya chama cha lebo kubwa ikajitenga kuwa taasisi inayojitegemea 2003, na kwenye bodi yake upande wa wasanii na upande wa wenye rekodi wanakaa nusu kwa nusu. Mpaka sasa imeshalipa zaidi ya dola bilioni 10 tangu ianze, kwa hiyo msije mkadhani tunaongelea hela ya peremende.

Mgawo wenyewe uko hivi: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu, asilimia 2.5 kwa wapiga vyombo wa sesheni, yani wale wa kukodiwa kwa kazi ya studio, na asilimia 2.5 kwa waitikiaji wa sesheni. Ile 45 inalipwa moja kwa moja kwa msanii, haipiti kwa lebo, hata kama lebo inamdai advansi, yani hela aliyotangulizwa, ya miaka kumi haiwezi kuikata. Hili tu peke yake limeokoa wasanii wengi.

Twende kwa hesabu. Mwaka 2021 bei kwa redio ya intaneti ya kibiashara isiyo ya kulipia ilipangwa dola 0.0021 kwa kila wimbo kwa kila msikilizaji, yani wimbo ukipigwa mara moja wakati watu elfu moja wanasikiliza hiyo inahesabika elfu. Tuseme umefika mara milioni moja, hiyo ni dola 2,100. Kabla ya kugawa, asilimia 5 inahesabiwa kama malipo ya zile nakala ambazo redio inazitengeneza kwenye seva zake, na hiyo yote ni ya mwenye rekodi, dola 105. Inabaki 1,995. Nusu yake, 997.50, inaenda tena kwa mwenye rekodi. Msanii mkuu anachukua 897.75. Wapiga vyombo wote kwa ujumla wao 49.88, na waitikiaji wote 49.88. Hapo sijatoa gharama za ukusanyaji ambazo zinakatwa kabla.

Mnaona hicho kipande cha mwisho kilivyo kidogo. Na hicho kidogo ndicho kinachopotea.

Sababu yake watu hawaijui, na ndo maana nimeleta huu uzi. Redio inapotuma ripoti ya ilichopiga inatakiwa kutaja msanii mkuu, jina la wimbo, halafu ama namba ya ISRC, yani namba ya utambulisho wa rekodi, ama jina la albamu na lebo. Basi. Hakuna sehemu inayouliza nani alipiga kinanda, nani aliitikia. Kwa hiyo msanii mkuu na mwenye rekodi wanajulikana wenyewe kila wimbo unapochezwa, jina lao linasafiri na wimbo. Wa sesheni jina lake halisafiri. Hela yake inatengwa vizuri kabisa, inapelekwa kwenye mfuko unaoendeshwa kwa pamoja na vyama viwili, AFM cha wanamuziki na SAG-AFTRA cha waigizaji na waimbaji, halafu mfuko unaanza kutafuta, huu wimbo walicheza akina nani? Na jibu la hilo swali liko sehemu moja tu, kwenye karatasi iliyoandikwa au isiyoandikwa siku ile studio.

Siku zangu za kupiga besi sikumbuki hata mara moja mtu kuniuliza jina langu kamili. Unaingia, unapiga nyimbo nne, unapewa bahasha, unaondoka. Tatizo lilianzia pale pale mlangoni.

Karibuni tujadili.

Sauti ya Tatu

Asante kwa madini haya mleta uzi, nimesoma mara mbili. Mimi ni muitikiaji, nimeitikia nyimbo nyingi tu na sijawahi kuwa mwanachama wa chama chochote. Mtu mmoja aliniambia bila uanachama ule mfuko haunihusu, nikaachana nao. Ni kweli?

Mleta uzi

Dada yangu sio kweli kabisa na naomba uwaambie na wenzako. Sheria imeandika kwamba fungu lile ni la wanamuziki na waimbaji wa sesheni wawe wanachama wa chama au wasiwe. Tofauti ni moja tu ya kiutendaji, kazi ikifanyika chini ya chama kunakuwa na fomu ya sesheni yenye majina, kwa hiyo mfuko unakupata kirahisi. Kazi ya nje ya chama haina fomu, ndo inabidi ujitokeze na ushahidi, mfano jina lako kwenye maelezo ya albamu, barua ya prodyuza au ya msanii mwenyewe, mkataba kama ulikuwepo. Ingia kwenye orodha yao tafuta jina lako kwanza, tafuta na majina uliyokuwa unayatumia zamani, na jina la ukoo lililokosewa herufi, usitafute kwa namna moja tu.

Kaka wa Lebo

Naheshimu ulichoandika mkuu ila acha niseme upande wa pili. Watu wanaona lebo ikichukua 50 na ile 5 ya juu wanaona wizi. Mwenye rekodi ndiye aliyelipa studio, alilipa huyo mpiga besi bahasha yake siku ileile wimbo ukiwa haujulikani utafika wapi, alilipa miksi, masterin, matangazo, na katika nyimbo kumi tisa hazirudishi hela. Mpiga besi hakubeba hasara hata moja.

Mleta uzi

Kaka umeongea ukweli na sikupingi kwenye hasara. Wala sijasema 50 ipunguzwe. Ninachosema ni kwamba ile 5 ya watu wa sesheni, 2.5 na 2.5, ilishatolewa na sheria, haitoki mfukoni kwa lebo, lebo ikijaza majina haipotezi kitu chochote na isipojaza haipati kitu chochote. Sasa kwa nini tusijaze? Nimefanya hiyo kazi, kumwuliza mtu jina lake kamili, chombo alichopiga na namna ya kumpata ni dakika mbili. Kuja kutafuta baada ya miaka 8 niliwahi kutumia wiki tatu kwa wimbo mmoja, prodyuza anakumbuka jina la utani, fundi mitambo anakumbuka alikuwa mrefu, na simu ya aliyewaleta studio haipatikani tena. Wiki tatu hizo kaka, na mmoja kati ya wanne sikumpata.

Fundi Mitambo

Nakazia hapo. Na tusisahau sisi, prodyuza na mafundi wa miksi. Kwenye hiyo hesabu yako sijaona hata senti ya prodyuza.

Mleta uzi

Kweli mkuu, haumo. Kwenye ule mgawo wa sheria prodyuza hana fungu lake. Anachopata kinatoka kwenye ile 45 ya msanii mkuu, kwa msanii kuandika barua ya maelekezo kwamba asilimia kadhaa ya fungu langu mlipeni fulani, na SoundExchange inamlipa huyo fulani moja kwa moja. Zamani huu ulikuwa utaratibu wao tu, lakini sheria ya muziki iliyosainiwa Oktoba 2018 ikauweka ndani ya sheria. Na kwa rekodi za kabla ya Novemba 1, 1995 waliweka njia ya pekee, kama prodyuza amehangaika kupata hiyo barua akashindwa anaweza kuomba atengewe asilimia 2, ila msanii anajulishwa na akikataa basi inaishia hapo.

Ushauri wangu kwako, barua ya maelekezo isainiwe kabla faili la mwisho halijatoka kwenye kompyuta yako. Wimbo ukishavuma kila mtu anakuwa bize na urafiki unapimwa vibaya.

Bendi ya Wanne

Mi naomba msaada kabisa. Tuko wanne kwenye bendi, kiongozi wetu ndo alijisajili miaka mitatu iliyopita kwa jina la bendi na hela zinaingia kwake zote, tukimwuliza anasema yeye ndo kiongozi na sisi ni kama wapiga vyombo tu twende tukachukue kwenye huo mfuko wa sesheni. Sasa sisi picha yetu iko kwenye jalada la albamu, jina la bendi ni la wote, tangu siku ya kwanza tuko wote. Haki yetu iko wapi?

Mleta uzi

Pole sana ndugu yangu, hii ni kesi nimeisikia mara nyingi na inaumiza kuliko zote kwa sababu mnaonana kila wiki. Mnachotakiwa kujua ni kwamba mwanabendi sio mtu wa sesheni. Kama rekodi imetoka kwa jina la bendi basi msanii mkuu ni bendi, na ile 45 ni ya wanabendi, kusipokuwa na makubaliano mengine inagawanywa sawa kwa sawa. Wanne maana yake kila mmoja robo. Kwa ile mifano ya milioni moja ni dola 224 na senti kadhaa kila mtu badala ya mmoja kubeba 897.

Kitu cha kufanya ni kila mmoja wenu ajisajili mwenyewe kama mwanabendi, asisubiri kiongozi. Mkidai fungu lenu na yeye akapinga basi kuna utaratibu wa mgogoro, hela inayobishaniwa inaweza kushikiliwa mpaka mkubaliane. Ila kabla ya hapo kaeni naye, muoneshe huu mgawo, kuna viongozi wa bendi ambao kwa kweli hawajui wanadhani hela ikiingia kwa jina lao ni yao. Na mkikubaliana andikeni, hata ukurasa mmoja, sahihi nne.

Msikilizaji Mkongwe

Je zile nyimbo za zamani kabisa? Baba yangu mdogo aliimba miaka ya sitini, rekodi ilitolewa Marekani.

Mleta uzi

Swali zuri mzee wangu. Sheria ya shirikisho ya Marekani ilikuwa inalinda rekodi zilizofanywa kuanzia Februari 15, 1972 tu. Za kabla ya hapo ziliachwa kwenye sheria za majimbo, kukawa na kesi nyingi na huduma nyingine zikawa hazilipi kabisa, yani mzee wa miaka themanini anasikia sauti yake kwenye satelaiti na hapati kitu kwa sababu alirekodi mapema mno. Ile sheria ya 2018 niliyoitaja ndiyo ilirekebisha, zikaingizwa kwenye malipo haya ya kidijitali kwa mgawo uleule. Kwa hiyo baba mdogo yumo, na kama ametangulia mbele ya haki basi warithi wake wanaweza kusajili. Nenda na cheti cha kifo na hati ya urithi, na jina lake kama lilivyoandikwa kwenye sahani.

Sauti ya Tatu

Na hizi strimu za kuchagua wimbo mwenyewe nazo zinaingia humo? Maana ndo watu wanatumia sasa.

Mleta uzi

Hapana dada, na hapa ndo panauma. Huduma ambayo msikilizaji anachagua wimbo anaoutaka haitumii leseni ya kisheria, inafunga mkataba moja kwa moja na mwenye rekodi au msambazaji wake, na hela yote ya upande wa rekodi inaenda kwao. Msanii mkuu anapata kile kilichoandikwa kwenye mkataba wake na lebo inaweza kukata deni kwanza. Mtu wa sesheni kwa kawaida hapati kitu zaidi ya ile bahasha, labda awe na mkataba unaosema vinginevyo. Kwa hiyo ile 2.5 ya redio za intaneti kwa watu wengi kama wewe ndiyo hela pekee inayoendelea kuja baada ya kutoka studio, na kwa hiyo naililia kila siku.

Kitu kingine, nje ya Marekani hali ni tofauti. Nchi nyingi zinafuata Mkataba wa Roma wa 1961 na ule wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki, ambapo redio ya kawaida na sehemu za biashara zinawalipa waimbaji, wapigaji na mwenye rekodi. Uingereza kwa mfano mkusanyaji wao, PPL, yuko tangu 1934 na inagawa nusu kwa mwenye rekodi, nusu kwa waliotumbuiza, pamoja na wa sesheni. Na pale mtu wa sesheni anaorodheshwa kwenye taarifa za rekodi yenyewe, kwa chombo alichopiga, kwa hiyo jina linakaa na rekodi. Halafu Septemba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua, kwenye kesi iliyotoka Ireland, kwamba nchi mwanachama haiwezi kumnyima msanii malipo hayo kwa sababu tu ametoka nje ya Ulaya. Kwa hiyo wewe uliyeitikia wimbo unaopigwa kule, una sababu ya kuuliza.

Kaka wa Lebo

Nimerudi. Nimekuwa nikifikiria ile hoja ya dakika mbili. Leo nimefungua kumbukumbu zetu, albamu sita. Msanii mkuu yupo kote, ISRC zipo, ingawa kuna wimbo mmoja toleo la laivu limepewa namba ileile ya studio, hilo ni kosa letu litarekebishwa. Majina ya wapigaji yapo kwenye albamu moja tu kati ya sita. Nimeona aibu. Nianzie wapi?

Mleta uzi

Kaka umenifurahisha kuliko ulivyotarajia. Anza na zile nyimbo zinazochezwa zaidi, usianze kwa mpangilio wa tarehe, kwa sababu kuna kikomo. Kanuni za kule zinasema hela ambayo mwenyewe hajapatikana ikikaa miaka 3 tangu mgao wa kwanza, mkusanyaji anaruhusiwa kuitumia kufidia gharama. Kwa hiyo kila mwezi unaopita kuna kitu kinakaribia ukingo.

Halafu fungua mafaili ya kazi yenyewe ya studio, sio faili la mwisho. Mara nyingi fundi aliandika traki kwa majina ya watu, "gitaa" halafu jina, "koras 2" halafu jina. Nimewahi kupata watu wawili namna hiyo. Angalia na risiti za malipo ya siku ile, na picha za simu, watu hupiga picha studio na tarehe zinakaa. Ukipata jina la utani mtumie prodyuza, usimwulize unamkumbuka nani, mwonyeshe jina mwulize huyu ni nani, mtu anakumbuka vizuri zaidi hivyo.

Na ile ya laivu ipe namba yake mpya leo, maana ISRC inatambua rekodi na sio wimbo. Waliopiga jukwaani pengine sio waliopiga studio, sasa namba ikiwa moja utakuwa unawalipa watu wa rekodi nyingine.

Kaka wa Lebo

Sawa. Nimefungua faili la wimbo unaochezwa zaidi kwetu. Traki za sauti ziko tisa. Tatu zimeandikwa jina la msanii, nne zimeandikwa jina moja la kike ambalo namfahamu, nimeshampigia. Mbili zimeandikwa "yule dada wa jana".

Mleta uzi

Tarehe ya faili ni ipi? Tafuta sesheni ya siku iliyotangulia, ilikuwa ya msanii gani na nani aliitikia. Huyo dada alikuwepo jana yake kwa hiyo jina lake linaweza kuwa limeandikwa kwenye kazi ya mtu mwingine. Ukilipata lete jina kamili hapa inbox nikusaidie kujaza fomu.

Kaka wa Lebo

Nimelipata. Kwenye risiti ya siku moja kabla, na sahihi yake ipo.